Tangazo la karani wa ghala Nachingwea: mdogo wangu aombe au aache?

#1 Mleta uzi, Mtwara mjini

Wakuu, habari za jioni.

Juzi mdogo wangu wa kike alinitumia tangazo la kazi linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya huku kwetu Kusini. Amemaliza stashahada ya ugavi mwaka jana na tangu hapo yupo nyumbani. Chini ya tangazo aliandika neno moja tu: "Niombe?" Alitaka jibu kabla ya magharibi, maana mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa. Sikumjibu siku ile. Tumekaa na lile tangazo siku mbili, tumelisoma mstari kwa mstari, na ninalileta hapa kwa sababu kuna mahali tumekwama.

Kampuni siitaji, hawajatukosea lolote. Tangazo lenyewe kwa ufupi:

"Nafasi 6 za Karani wa Ghala. Kituo: Nachingwea na vituo vingine vya Kanda ya Kusini. Sifa: stashahada ya ugavi, uhasibu au biashara, uzoefu wa miaka 2, ajue kutumia kompyuta, awe tayari kufanya kazi kwa muda mrefu na katika mazingira magumu, awe na wadhamini wawili. Majukumu: kupokea na kupima mazao, kutunza kumbukumbu za ghala, kuandaa taarifa za kila siku, na kazi nyingine atakazopangiwa. Mshahara mnono kulingana na uwezo. Tuma barua ya maombi na wasifu kwa barua pepe. Watakaochaguliwa kwa usaili tu ndio watakaopigiwa simu."

Kwanza niwaeleze kwa nini sikumwambia "omba tu". Miaka sita iliyopita niliona tangazo la Afisa Masoko, kituo Masasi. Nikasoma sifa, ninazo. Nikasoma mshahara, umeandikwa "wa kuvutia". Majukumu niliyapitia kwa macho tu, kama mtu anayepita mbele ya duka asilokuwa na haja nalo. Nimefika Masasi na begi langu ndipo naelezwa kwamba nitapewa mzigo kwa kusaini, niuze Newala, Tandahimba mpaka Nanyumbu, nauli juu yangu, na malipo yangu ni asilimia ya nilichouza. Nikarudi kulisoma tangazo upya. Wallahi yote yalikuwemo! "Kusambaza bidhaa kwa wateja", "kufikia malengo ya mauzo ya kila mwezi", "awe na uwezo wa kujisimamia". Hawakunidanganya. Mimi ndiye sikusoma. Mwezi wa nne niliondoka nikiwa nawadai mshahara na wao wananidai mzigo, na wenye karatasi yenye saini walikuwa wao.

Ndiyo maana nilimwambia mdogo wangu asianze na sifa. Wengi wetu tunaanza hapo: ninacho cheti, sinacho? Ukishaona unacho, moyo umeshaomba kazi, na yanayofuata unayasoma kwa kuyatetea. Nikamwambia anza na majukumu, halafu nieleze siku moja ya karani huyu tangu anaamka mpaka analala. Ukishindwa kuieleza, hujalielewa tangazo.

Akaieleza vizuri. Magari ya AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, yanafika, magunia yanashushwa, anasimama kwenye mizani, anaandika uzito na daraja, anatoa hati, jioni anajumlisha. Hapo tukaona kwamba hii ni kazi ya msimu, hata kama neno "msimu" halimo popote kwenye tangazo. Nachingwea minada ya korosho huanza kwenye mwezi wa kumi na kupamba moto mpaka kuelekea mwisho wa mwaka. Tangazo limetoka Septemba. Mkataba ni wa miezi mingapi? Halikusema.

Nafasi 6 nazo zilinipa mawazo. Ghala moja, makarani sita kwa mpigo? Ama ni ghala jipya, ama wa mwaka jana wameondoka wote. Nikapekua kwenye grupu la zamani, nikakuta tangazo la kampuni hiyo hiyo la Septemba iliyopita, nafasi 5, maneno yale yale. Si lazima iwe ni ubaya, kazi ya msimu hutangazwa kila msimu. Ila inanifanya nitake kujua wale watano walimalizaje.

"Na vituo vingine vya Kanda ya Kusini" ni maneno machache yanayobeba kilomita nyingi. Nachingwea tuna shangazi. Akipangiwa Liwale, mvua zikaanza, ni habari nyingine kabisa.

Kuhusu mshahara mnono sina la kusema. Unono haupimwi kwenye mizani.

Kampuni tumeitafuta kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, ipo, imesajiliwa. Hakuna popote wanapotaka hela ya fomu wala ya "kuharakisha faili". Kwa hiyo sileti hapa suala la utapeli. Matapeli wa kazi tumeshawazoea, na mtu akishakwambia tuma elfu thelathini ya usaili umeshajua ni nani. Kinachonisumbua mimi ni tangazo la kweli, la kampuni ya kweli, ambalo linaweza kukupotezea mwaka bila mtu yeyote kuvunja ahadi.

Tulipokwama ni mambo mawili. Uzoefu wa miaka 2 hana, ana miezi mitatu ya mafunzo kwa vitendo bandarini. Na hao wadhamini wawili ni wa nini kwa karani wa kuandika uzito? Naomba mawazo yenu.

#2 Mchangiaji, Masasi

Mkuu, mnajichosha bure. Kuomba si kuajiriwa. Atume, akiitwa aende, asipopenda arudi. Vijana wangapi wanaitafuta hata hiyo ya msimu? Wewe mwenyewe ulishaumia, sasa unamtia hofu binti wa watu.

#3 Mchangiaji, Lindi

Mimi nafanya kazi za utumishi kwenye taasisi binafsi, matangazo kama haya ninayaandika mwenyewe, naomba nijibu hilo la uzoefu.

Tunapoandika miaka 2, mara nyingi tunamwelezea mtu tunayemtamani. Anayetuma maombi huwa mwingine. Sharti lisilolegea utalijua kwa namna lilivyoandikwa: cheti cha taaluma kinachotakiwa na sheria, leseni ya udereva ya daraja fulani, usajili wa bodi. Hayo usipokuwa nayo usipoteze muda. Lakini kwa karani, tukipata mtu mwenye miezi mitatu bandarini, ameshika vitabu vya kupokea mzigo na anaweza kueleza alichofanya, tunamwita. Kinachomwangusha ni barua inayosema "nina uwezo wa kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo" bila kutaja alisimama kwenye mizani gani, akahesabu nini, akamkabidhi nani. Aandike hiyo miezi mitatu kwa undani, wala asiifiche na wala asiiongeze ikawa mwaka. Tunapiga simu kuuliza.

Halafu kwa wanaoomba serikalini, msilichanganye hili na Ajira Portal, mfumo wa serikali wa kuombea kazi mtandaoni. Kule Sekretarieti ya Ajira ikiandika sharti, usipokuwa nalo usitegemee kulegezewa. Kwa kampuni binafsi kuna mtu anasoma, na mtu anaweza kushawishika.

#4 Mleta uzi

Ndugu wa Masasi, nakuelewa na sikukasirikii. Ila si kweli kwamba kuomba hakugharimu kitu. Unatuma vivuli vya vyeti na namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, kwa watu usiowajua. Ukiitwa unakata tiketi pale stendi ya Mkanaledi, unapita Mnazi Mmoja, unapandisha Masasi mpaka Nachingwea, unalala, unarudi, na hiyo nauli ni ya mama aliyeuza samaki. Na kubwa zaidi, ukishaitwa ni vigumu kukataa. Nyumbani wote wanajua umepata kazi, na wewe mwenyewe huwezi tena kuuliza maswali kwa sauti ile ile uliyokuwa nayo kabla. Maswali yana bei nafuu leo kuliko siku ya kusaini.

Dada (au kaka) wa Lindi, ahsante sana. Ameshakaa kuiandika barua upya.

#5 Mchangiaji, Tandahimba

Nimekuwa karani wa ghala misimu mitatu, nikujibu la wadhamini.

Hapo ndipo kazi yote ilipo. Korosho ikikaa ghalani inanyauka. Inaingia leo na unyevu wake, inasubiri mnada, inasubiri mnunuzi alipe, inasubiri gari. Siku inatoka, gunia lile lile halina uzito ule ule. Huo ndio unyaufu. Sasa mfumo wa stakabadhi ghalani ulivyo, hati ikishaandikwa kilo fulani, ghala linadaiwa kilo hizo. Upungufu ukitokea lazima utafutiwe mwenyewe, na karani ndiye aliyeandika.

Msimu wangu wa kwanza nilikuwa kwa mwajiri aliyeweka kiwango cha unyaufu kwenye maandishi, ukizidi hapo ndipo mnakaa na kuulizana. Nililala usingizi. Msimu wa pili nilihamia kwingine kwa sababu ya mshahara uliozidi kidogo, kiwango hakikuandikwa, tukaambiwa "tutaelewana". Mwisho wa msimu tulikatwa makarani wote, hata aliyepokea wiki ya mwisho tu. Mdhamini wangu alikuwa baba mdogo. Waliandika barua ya madai kwake kabla hawajaniandikia mimi. Mzee hakuniambia neno la ukali hata siku moja, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Kwa hiyo mdogo wako aulize matatu. Kiwango cha unyaufu kinachokubalika ni kipi na kimeandikwa wapi? Mizani imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, na stika ya mwaka huu ipo? Zamu zikibadilishana, kuna makabidhiano ya kusainiwa, au mnaachiana funguo tu? Wakimjibu vizuri, hiyo ni kazi nzuri sana na atajifunza mengi. Mimi sijutii kuifanya.

#6 Mchangiaji, Newala

Mimi ni mwanamke na nimefanya kazi ghalani, kwa hiyo niongeze la kwangu. "Kufanya kazi kwa muda mrefu" maana yake ni magari yanayofika usiku. Aulize nani anamrudisha nyumbani saa nne usiku, choo kipo wapi, na kwenye zamu ya usiku wanakuwa wangapi. Asiyaonee aibu, ni maswali ya kazi.

Na kama kwenye usaili watamuuliza ameolewa au ana mpango wa kuzaa lini, ajue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa hali ya ndoa na ujauzito, na inamlinda hata anayeomba kazi. Simwambii agombane nao pale mezani. Nataka tu ajue kwamba swali hilo halina haki ya kumuaibisha.

#7 Mleta uzi

Wakuu, nimerudi na habari. Mchangiaji wa Tandahimba, nilimsomea mdogo wangu maneno yako kwenye simu, akanyamaza kwa muda, halafu akasema, "Basi wadhamini watakuwa baba na mjomba." Baba akija kudaiwa, nyumba ya Mikindani ndiyo hiyo moja tuliyo nayo. Tumekubaliana kwamba baba hasaini chochote kabla ya swali la unyaufu kujibiwa kwa maandishi.

Shangazi naye hakungoja barua pepe. Alikwenda mwenyewe pale ghalani asubuhi, akasalimiana na mlinzi, akapelekwa kwa msimamizi. Alipokelewa vizuri na akajibiwa bila kuzungushwa, jambo ambalo kwangu lina uzito mkubwa. Kwa ufupi: mkataba ni miezi mitano, Oktoba mpaka Februari. Mshahara ni 450,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kuingia saa moja asubuhi, kutoka saa kumi na mbili jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi, na saa moja ya kula. Nafasi zote sita ni za Nachingwea mjini, lile neno la "vituo vingine" huwekwa tu kwa tahadhari. Makarani wawili wa mwaka jana wamerudi kama wasimamizi wa zamu. La unyaufu, msimamizi alisema linaelezwa kwenye usaili.

Mwenye kujua hesabu za mishahara atusaidie, 450,000 inafika nyumbani ikiwa ngapi?

#8 Mchangiaji, Mtwara mjini

Mhasibu hapa. Tufanye pamoja.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mfanyakazi anakatwa asilimia 10, hiyo ni 45,000. Inabaki 405,000, na hapo ndipo kodi ya mshahara inapopigiwa. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 ya kwanza haina kodi, kinachozidi mpaka 520,000 kinatozwa asilimia 8. Yaani 135,000 mara asilimia 8, ni 10,800. Mkononi anabaki na 394,200. Angekuwa na mkopo wa masomo wa Bodi ya Mikopo wangeondoa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 67,500 nyingine, abaki na 326,700. Wengi wanaopiga hesabu ya kupanga chumba wanalisahau hilo la mkopo.

Sasa angalieni saa. Saa moja asubuhi mpaka kumi na mbili jioni ni saa 11, toa ya kula ni 10, mara siku 6 ni saa 60 kwa wiki. Sheria inasema saa za kawaida ni 45. Kwa hiyo kuna saa 15 za ziada kila wiki, 60 kwa wiki nne, wakati ukomo wa saa za ziada ni 50 kwa kila wiki nne. Na kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Kwa mshahara huo saa moja ya kawaida ni kama shilingi 2,308, ya ziada ni kama 3,462. Saa 50 tu zinakaribia 173,000. Hili ndilo swali ambalo mimi ningelipeleka mezani kabla ya jingine lolote: ile 450,000 ni ya saa 45, au ni ya saa zote 60? Jibu la swali hilo linabadilisha kazi nzima.

Jingine dogo. Sheria inamtaka mwajiri atoe maelezo ya ajira kwa maandishi, na ndani yake kuna kipengele cha mahali mfanyakazi alipoajiriwa. Kwake kiandikwe Mtwara, kama wamemwajiri akiwa Mtwara. Mkataba ukiishia Nachingwea, mwajiri anawajibika na usafiri wake na mizigo yake kurudi alikotoka. Watu wanakipita kipengele hicho, halafu Februari wanaomba nauli nyumbani.

#9 Mchangiaji, Masasi

Mimi wa #2. Nimesoma zote. Hiyo hesabu ya saa sikuwahi kuifanya hata kwenye kazi niliyo nayo sasa. Nimeifanya usiku huu.

Kuna anayejua kama madai ya miezi ya nyuma bado yanasikilizwa?

#10 Mchangiaji, Lindi

Ndugu wa Masasi, nenda ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, usikae nayo. Mgogoro wa kuachishwa kazi una siku 30, mingine siku 60. Nenda na karatasi za mishahara na kitabu cha mahudhurio kama unacho, hata picha ya simu.

#11 Mleta uzi

Nashukuru sana wote. Niwape hatua tuliyofikia.

Barua ilitumwa Alhamisi usiku. Ukurasa mmoja na nusu, na nusu nzima ni ile miezi mitatu ya bandarini: alihesabu nini, alitumia kitabu gani, siku moja hesabu ilipogoma alifanyaje mpaka ikakaa. Namba ya NIDA hakuiweka, ataitoa akiajiriwa. Vyeti ametuma vivuli tu.

Niliogopa ataniambia tumemchosha kwa maswali. Imekuwa kinyume. Jana nimemkuta uani na kikokotoo cha simu, anapiga hesabu ya miezi mitano. Kwa sababu analala kwa shangazi, kodi ya chumba haipo, na amepanga kiasi cha kumrudishia mama ada aliyokopa kwenye kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa. Angelazimika kupanga chumba na kula kwa mamantilie, hesabu isingemfaa, na amesema mwenyewe kwamba asingeomba. Sikumfundisha hilo.

Wamempigia leo saa tano. Usaili ni Jumatano saa tatu asubuhi, ataondoka Jumatatu. Ameandika maswali yake kwenye karatasi kwa mkono. La kwanza ni unyaufu, la pili ni zile saa 60, la tatu ni la Newala, nani anawarudisha usiku. Baba ameisoma ile karatasi, akairudisha mezani, akasema yeye Jumatano atakuwa karibu na simu.